Kadi Nyeupe ya Jumatano

Miaka thelathini na minne na miezi minne. Muda wote huo karani wa ratiba wa Idara ya Elimu ya Viungo, Afya na Huduma kwa Jamii amekaa kiti kilekile, dirisha lilelile, akituambia nani aende wapi na saa ngapi. Leo Ijumaa, tarehe ishirini na nane Juni, saa kumi na moja jioni, anastaafu. Wote hapa tunamwita Shangazi, kuanzia mkuu wa idara mpaka mlinzi wa bwawa la kuogelea. Wako wahadhiri wawili waliomzidi umri, nao wanamwita Shangazi. Ilianzaje? Nimeuliza watu sita, nimepata majibu saba.

Niseme ukweli mapema: nimepewa kuandika wasifu huu kwa sababu mimi ndiye ninayerithi kiti. Sikupewa kwa sababu ninamwelewa. Nimekaa naye meza moja miezi minane, nikiwa na kompyuta niliyojifundisha mwenyewe na imani kwamba ratiba ni kazi ya wiki mbili. Mpaka leo kichwa kinanizunguka.

Na ninyi wageni mliopewa karatasi hii mlangoni mkaambiwa "kaeni, someni, msiongee," halafu mkaingia mkakuta vijana thelathini na wanane wamekaa katikati ya ukumbi, mgongo umeegemea kiti, mkono mmoja juu ya meza, hawacheki wala hawapepesi macho, kama wanasubiri picha ya pasipoti: hamjakosea ukumbi. Sherehe ndiyo hii. Nitaeleza, ila kwa mpangilio, maana Shangazi hapendi mtu aruke kipindi.

Aliajiriwa kama mpiga chapa. Idara ilikuwa na kozi tano, makocha watatu na mipira kumi na mmoja, miwili haina upepo. Ratiba ilikuwa karatasi moja iliyobandikwa mlangoni. Mvua ikinyesha wino unachuruzika, riadha inaingia kwenye mpira wa wavu, watu wanagombania uwanja. Mwaka wa pili akachoka. Akamwomba seremala wa chuo mlango wa plaiwudi uliong'olewa chooni, akauosha, akaupaka rangi, akaupigilia misumari midogo kwa safu za siku na mistari ya saa. Kila kipindi kikapata kadi yake na msumari wake. Kijani ni elimu ya viungo. Masomo ya afya yalipoletwa, akakata kadi za njano. Huduma kwa jamii walipohamia kwetu, na wahadhiri wao wapole wanaopenda kupanga viti duara, akakata za bluu. Leo kadi ni mia moja na kumi na mbili, kozi sitini na nne, na ubao ni uleule. Mkipita ofisini kwetu tazameni chini kulia, tundu la kitasa bado lipo.

Sasa jambo lililonichanganya tangu wiki ya kwanza ni hili: Shangazi hatundiki kadi ya kipindi ambacho hajakijaribu mwenyewe. Kabisa. Alipotaka kujua mtu akitoka bwawani anafika darasa la saikolojia kwa dakika ngapi, alilowa mpaka nywele, akajikausha, akavaa, akatembea, saa ya kocha mkononi. Dakika kumi na tisa. Akaandika nyuma ya kadi. Kozi ya kuwahudumia wafiwa ilikuwa imepangwa jirani na chumba cha miondoko na muziki. Akaenda akakaa humo kipindi kizima, akatoka akaihamisha. "Huwezi kumwambia mtu pole huku ukuta unapiga ngoma," alisema, na hakuna aliyebisha.

Wahadhiri wanamjua. Yule wa huduma ya kwanza kila muhula humjia na hadithi mpya kwamba Jumatatu asubuhi hana nafasi. "Sawa, mwanangu," Shangazi humjibu bila kuinua macho. "Mtu akizimia Jumatatu tutamwomba ajikaze mpaka Jumanne." Mhadhiri huondoka na Jumatatu yake mkononi. Upendeleo hana. Binti yake wa pili alisoma hapahapa, akapangiwa kukimbia saa moja asubuhi mihula mitatu mfululizo. Binti alilalamika nyumbani, baba mtu akaingilia, na Shangazi akawaambia wote wawili waje ofisini saa za kazi wajaze fomu kama watu wengine.

Haya. Kadi nyeupe.

Katika wiki ya mitihani ya vitendo, kila mwaka, ubao huwa na kadi moja nyeupe siku ya Jumatano, saa nne mpaka saa tano asubuhi. Haina namba ya kozi. Haina mwalimu wala chumba. Juu yake kuna kadi ya kijani, mtihani wa kukimbia dakika kumi na mbili, saa tatu. Chini yake kuna kadi ya njano, mtihani wa vipimo vya afya, saa tano, maabara ya ghorofa ya tatu. Mwaka huu Shangazi aliniambia nipange wiki hiyo peke yangu, yeye anashughulikia barua zake za kustaafu. Nikafurahi kupita kiasi. Nikaingiza kadi zote kwenye kompyuta. Ile nyeupe ikakataliwa: haina namba, haina mwalimu, haina chumba. Nikaitazama, nikaigeuza, nikaamua ni kosa la zamani. Nikaiondoa. Nikapandisha vipimo vya afya saa nne, nikajipongeza kwa kuokoa saa nzima. Kompyuta ikaandika: hakuna mgongano.

Juzi Jumatano, wanafunzi thelathini na wanane wa mwaka wa tatu wakakimbia dakika zao kumi na mbili. Wa mwisho alimaliza saa nne kasoro dakika tano. Maabara ya vipimo hufungwa mlango saa nne kamili, na Sista, yule nesi anayefundisha vipimo, hamfungulii aliyechelewa hata akilia. Kwa hiyo wakapanda ghorofa tatu mbio. Wakakaa, wakapimana presha, wakajaza fomu. Wote presha juu. Wote! Sista akadhani mashine zimeharibika, akajipima mwenyewe, akawa mzima. Kisha ile hesabu ya wagonjwa thelathini na wanane ikampandisha presha, akajipima tena, akawa wa thelathini na tisa.

Mngecheka, nami ningecheka, ila fomu zile ndizo zinazotangulia mafunzo kwa vitendo. Vijana hawa Jumatatu asubuhi wanatakiwa kuripoti hospitalini na kwenye makazi ya wazee, na mtu mwenye fomu iliyoandikwa "presha juu" hapokelewi mpaka apimwe upya. Asiyeripoti Jumatatu anasubiri mwaka mzima. Zahanati ya chuo inaweza kupima watano kwa siku. Hesabu mnaiona.

Jana asubuhi mkuu wa idara, aliyewahi kucheza mpira wa kikapu na bado anainama kila mlango, aliingia ofisini kwetu akasahau kuinama. Akagonga paji la uso, akasema hivyohivyo akiwa amelishika:

"Shangazi, watoto wote wagonjwa!"

"Walikimbia?"

"Walikimbia, si ulikuwa mtihani?"

"Wakapumzika?"

Mkuu akanitazama mimi. Mimi nikaitazama kompyuta.

"Hiyo kompyuta yako imewahi kukimbia?" Shangazi akaniuliza, kwa upole, na upole ndio ulioniumiza.

"Hapana, Shangazi."

"Basi usiilaumu. Mimi nimewahi."

Ndipo nikasimuliwa. Mwaka uleule masomo ya afya yalipoletwa, Shangazi alikimbia zile dakika kumi na mbili kwa sketi na raba za kuazima, akapanda ngazi, akamwambia Sista, wakati huo binti mdogo ndiyo kwanza anaanza kazi, ampime. Presha juu. Akakaa. Akapimwa kila baada ya dakika tano, huku akishona kifungo. Ilichukua dakika arobaini kurudi pale inapokaa siku zote, akaongeza kumi za maji na choo na kumi za kutafuta daftari. Saa moja. Akakata kadi nyeupe kwenye kifuniko cha boksi la chaki, akaitundika. Miaka yote hiyo hakuna aliyeuliza ni ya nini, na yeye alidhani inajulikana.

Tukatafuta saa ya kuwapima upya. Nilihangaika na kompyuta asubuhi nzima: vyumba vyote vina mitihani mpaka Ijumaa jioni, Sista ana mitihani mpaka Ijumaa saa tisa, mashine vilevile. Jibu lilikuwa sifuri, tena kwa herufi nyekundu. Shangazi alikuwa amesimama mbele ya ubao, mikono nyuma, kama mtu anayesikiliza sufuria. Kisha akanyanyua kadi ya waridi. Ukumbi mkubwa, Ijumaa, saa tisa mpaka saa kumi na moja. Sherehe ya kumuaga yeye. Akachukua mkasi akaikata katikati: saa moja ya kukaa na kupimwa, saa moja ya kuagana.

"Shangazi, hiyo ni yako!" mkuu akasema. "Kuna wageni, kuna keki!"

"Keki haina presha. Itasubiri."

Halafu, kama mlivyokwisha kukisia, akaenda kujaribu. Jana mchana alikaa kwenye kiti katikati ya ukumbi huu huku fundi akijaribu spika, akashtuka, akasema spika zitolewe. Akasikia viti vikiburuzwa, akasema wageni waingie mapema, wakae, wapewe kitu cha kusoma. Ndiyo maana hakuna muziki. Ndiyo maana wasifu huu, ambao ulipaswa kusomwa kwa sauti na mtu mwenye tai, mmeushika mikononi. Aliniuliza nina uhakika gani kwamba mtaumaliza kwa wakati. Nikasema nitakadiria. Akanisogezea saa ya kocha. Nikaenda nikakaa kwenye kiti chenu nikausoma mara mbili nayo mkononi. Unatosha.

Mafanikio yake ningeweza kuyapanga kwa orodha, lakini nimejaribu siku mbili na sijui niyaitaje. Utaandikaje kwamba kwa miaka thelathini na minne watu hawakugongana? Kwamba wafiwa walisikilizwa bila ngoma ukutani, kwamba mtu alitoka majini akafika darasani akiwa mkavu na hakuna aliyemtilia shaka saikolojia yake? Vitu ambavyo havikutokea havipigwi picha. Mimi nimeviona siku moja tu, siku vilipotokea, na nilivisababisha mimi.

Wanafunzi, mnaosoma nakala zenu baada ya kupimwa, mniwie radhi. Sista, nakuomba radhi pia, na naambiwa leo umeamka mzima.

Shangazi, kadi nyeupe nimeirudisha kwenye msumari wake. Nimeigeuza mara nne nikitafuta maelezo nyuma, hamna kitu. Kompyuta nimeifundisha kuikubali, nimeipa namba, na sehemu ya mwalimu nimeandika "hakuna, wakae tu." Nimeona pia kwamba kadi ya bluu ya Jumatatu, ile ya mafunzo kwa vitendo, watu thelathini na wanane, umekwisha kuitundika tangu jana, kabla hata mashine moja haijafungwa kwenye mkono wa mtu. Hapo tena sikuelewa. Nimeiacha palepale.

Kwa niaba ya idara nzima, asante kwa kila saa uliyotupangia na kila moja uliyotuachia. Nenda nyumbani ukakae upande wa dirisha unaoupenda, na mzee akikuuliza leo ratiba ikoje, mwambie nyeupe asubuhi mpaka jioni.

Wageni wapendwa, makofi bado. Akipimwa kijana wa mwisho, Sista atanyanyua mkono. Mpaka hapo tumshukuru Shangazi kwa kukaa kimya.