Mahali pa Kuweka Kiwiko: Maisha ya Mhandisi Nashed Labib Awad (1951–2023)

Marehemu Mhandisi Nashed Labib Awad alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika mtaa wa Muharram Bey, Aleksandria. Alikuwa mtoto wa pili wa Bwana Labib Awad, dereva wa tramu, na Bi. Balsam Mikhail. Alibatizwa na kulelewa katika kanisa hili hili tulimokusanyika leo, na wazee wachache waliobaki bado wanamkumbuka akiimba kwaya kwa sauti kubwa isiyofuata ya wenzake.

Familia iliishi ghorofa ya nne. Roshani yao ilikuwa na ukingo wa chuma uliofunikwa juu kwa ubao, na ubao huo ulikuwa umelainika na kung'aa mahali pamoja tu: pale mama yake alipoegemeza kiwiko kila asubuhi akishusha kikapu kwa kamba hadi kwa muuza duka.

"Ami Zaki! Mkate huu ni wa leo au wa Farao?"

"Wa leo, Mama Nashed! Wa Farao ulinunua jana, hukulalamika!"

Mtaa mzima ulicheka, na mtoto Nashed, akichungulia kati ya vyuma, alicheka pamoja nao. Enzi hizo mtaa uliongea kutoka juu hadi chini. Habari za posa, za ugonjwa na za watoto waliofeli mitihani zilipita roshani kwa roshani kabla ya saa ya chakula. Hata alipozeeka, Nashed alisema kwamba alijifunza kazi yake kwenye ubao ule, miaka mingi kabla ya kuingia chuo. Ukingo, alisema, si pambo la nyumba. Ni kitu ambacho mtu anakikabidhi uzito wake bila kukiuliza.

Alisoma shule ya msingi na ya sekondari papo hapo Muharram Bey, na mwaka 1968 alijiunga na kitivo cha uhandisi cha Chuo Kikuu cha Aleksandria. Alihitimu mwaka 1973. Baada ya utumishi wa jeshi, aliajiriwa mwaka 1976 kuwa mkaguzi wa majengo katika ofisi ya wilaya. Kazi hiyo aliifanya miaka thelathini na mitano, hadi alipostaafu mwaka 2011.

Tarehe 27 Aprili 1980, baada ya Pasaka, alifunga ndoa na Bi. Samiha Girgis. Mungu aliwajalia watoto wawili: Adly, aliyezaliwa mwaka 1982, na Mirette, aliyezaliwa mwaka 1985. Kwa kuwa Bi. Samiha alikuwa mwalimu na alishinda shuleni, Mirette alilelewa zaidi na bibi yake mzaa mama, Bi. Wanisa. Bibi huyo alianza kumtarizia mjukuu wake shela ya harusi hata kabla mchumba hajajulikana.

Mchumba alipatikana. Alikuwa Sameh, mtoto wa Ragheb Fanous, mkandarasi ambaye mafundi walimwita Muallim, yaani bosi wa ujenzi, mwenye moyo mkunjufu na sauti ya kuamsha mtaa. Muallim Ragheb alikuwa akimalizia jengo la ghorofa tisa linalotazama bahari, na ghorofa ya sita aliwatengea maharusi. Harusi ilipangwa iwe tarehe 25 Aprili 2010. Kilichobaki ni mkaguzi wa wilaya kusaini kwamba jengo linafaa kukaliwa, na mkaguzi huyo alikuwa baba wa bibi harusi. Nashed aliomba ofisi ilipangie jengo hilo mkaguzi mwingine. Akajibiwa kwamba mwingine hayupo.

Ilikuwa miaka ambayo mitindo ya nchi za Ghuba ilikuwa imewapumbaza watu. Kila roshani ya jengo lile ilizungushiwa vioo vitupu, bila reli juu yake. Kanuni zilikuwa wazi. Kioo kinachomzuia mtu asianguke lazima kiwe cha tabaka mbili zilizoshikanishwa kwa utando, ili kikipasuka kisimwagike. Juu yake lazima ipite reli inayoshikwa na vioo visivyopungua vitatu, ili kimoja kikivunjika vile vingine viibebe. Vioo vya Muallim vilikuwa vya tabaka moja, na makali yake ya juu yalikuwa wazi.

"Yakhe, itazame bahari ile!" Muallim Ragheb alimwambia wakiwa wamesimama ghorofa ya sita. "Unataka niikate katikati kwa bomba la chuma?"

"Bahari haitaanguka, Muallim. Watu ndio wataanguka."

"Kioo hiki kimetoka ng'ambo! Kigumu kama kichwa chako!"

"Kichwa changu kina tabaka mbili. Hiki kina moja."

"Kwani wewe unaozesha binti au unaozesha reli?"

Nashed hakusaini. Nyumbani, Bi. Samiha alimsubiri mlangoni. "Kadi zimeshagawiwa, Baba Adly. Nitawaambia nini watu?"

"Waambie reli haijafika."

Mirette hakuona la kuchekesha. "Baba, majengo ya mji mzima umeyasaini. Langu tu ndilo limekushinda?"

"Lako ndilo nililolikagua mara mbili, binti yangu."

Mirette alifunga mlango wa chumba chake, na mlango huo, kwa namna fulani, ulikaa umefungwa miaka mingi.

Aprili ikapita. Muallim Ragheb aliapa kwamba hatabadilisha hata kipande kimoja. Aliyemshinda hakuwa mkaguzi wala sheria. Alikuwa mama yake mzazi, Bi. Evon, mwanamke wa mtaa wa zamani wa Karmuz aliyekuwa amekaribia miaka tisini. Mwishoni mwa Juni walimpeleka kuiona nyumba yake mpya ghorofa ya tatu ya jengo lile, naye akaenda na kikapu chake mkononi kama kawaida. Alitoka kwenye roshani, akanyanyua mkono ili auegemeze, akaurudisha.

"Ragheb mwanangu, hii ni roshani au kabati la vyombo? Kiwiko changu nikiweke wapi?"

"Mama, hivi ndivyo wanavyojenga siku hizi."

"Na kamba ya kikapu niifunge wapi? Kwenye pua yako? Nirudishe Karmuz."

Akarudishwa Karmuz siku hiyo hiyo. Wiki iliyofuata mafundi walianza kung'oa vioo vyote, wakaweka vya tabaka mbili, na juu yake reli ya chuma kisichoshika kutu, yenye upana wa kumtosha mtu kiwiko. Nashed alilikagua jengo roshani kwa roshani, akaegemeza uzito wake wote kila mahali, kisha akasaini.

Lakini Julai hiyo, vioo vikiwa bado vinabadilishwa, Bi. Wanisa alifariki usingizini. Shela ilikuwa imekamilika, imekunjwa ndani ya karatasi. Harusi ilifungwa tarehe 3 Oktoba 2010, na Mirette aliivaa shela ile bila bibi yake kuiona kichwani kwake. Hilo Nashed alilijua, wala hakulitafutia udhuru. Alisema mara moja tu, kwa mkewe, kwamba angekuwa mkaguzi wa aina gani kama kanuni ingewabana watoto wa watu na kumwachia mtoto wake. Leo wapo wengi wanaosaini kwa sababu kadi zimeshagawiwa. Yeye alijua gharama, na akakubali kwamba mwenye kuilipa alikuwa pia binti yake. Haki ya namna hiyo haipendezi kuitazama, na ndiyo maana ni adimu.

Tangu siku ile ya harusi, Mirette hakumwita tena "Baba". Alimheshimu, alimpikia, alimpelekea watoto kila Jumapili baada ya misa. Lakini alimwita "Mhandisi". "Mhandisi, chai iko tayari." "Mhandisi, umesahau miwani." Wageni walidhani ni utani wa nyumbani. Nashed aliitika kila mara.

Mwaka 2017 Bi. Samiha alitangulia mbele ya haki, na mwaka uliofuata Nashed alianza kusumbuliwa na ugonjwa wa kutetemeka. Alipozidiwa, Mirette alimchukua akaishi naye ghorofa ya sita. Huko alirudia maisha ya Muharram Bey. Kila asubuhi alitoka kwenye roshani, akaweka kiwiko juu ya reli, mkono ukatulia kidogo, akashusha kikapu kwa muuza mkate, kijana aitwaye Hamada.

Asubuhi moja ya Machi 2022, kikapu kikiwa kimefika nusu ya njia, miguu yake ilikufa ganzi ghafla. Alikiangukia kioo kwa uzito wake wote. Kilitoa mlio mzito, kama mlango wa gari unaofungwa, kikatikisika, kikasimama. Reli ikamdaka chini ya kwapa. Kamba ilimtoka mkononi, na kutoka chini Hamada alisikika akipiga kelele: "Bashmuhandisi! Unanitupia kikapu au unahama?"

Mirette alikuja mbio kutoka jikoni, mikono ina unga. Alimkumbatia kiunoni kwa mkono mmoja, wa pili ukishika reli, akamvuta, wote wawili wakakaa sakafuni wameegemea ukuta. Mirette alikitazama kioo, akaitazama reli yenye alama ya unga pale alipoishika. Kisha akaanza kulia, kilio kilichosubiri tangu ile Julai.

"Imepita, Baba," alisema. "Imepita ukaguzi."

Nashed alimpapasa kichwani kwa mkono wake unaotetemeka. "Haya. Sasa nenda kachukue mkate kabla Hamada hajaula."

Toka siku hiyo aliitwa Baba hadi mwisho. Alifariki nyumbani kwa binti yake Ijumaa, tarehe 17 Novemba 2023, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, siku ambayo ile dhoruba ambayo sisi watu wa Aleksandria tunaiita Ufagio ilikuwa ikipiga madirisha. Mirette anasimulia kwamba upepo ulipovuma kwa nguvu zaidi baba yake aligeuza kichwa kuelekea roshani, akasikiliza, akaridhika.

Marehemu ameacha watoto wawili, Adly na Mirette; mkwe wake, Sameh; wajukuu wanne; dada yake, Bi. Fayza, na Muallim Ragheb, ambaye leo amekuja na fimbo na amekataa kukaa. Ameacha pia roshani nyingi katika mji huu ambazo hazina habari yoyote ya kusimuliwa, kwa sababu hapajatokea kitu.

Ee Bwana, mpokee mtumishi wako Nashed. Mpumzishe baada ya kazi, na umpe mahali pa kuweka kiwiko.