Yule Mwenye Soksi za Manjano

Flavia: Haloo? Haloo, ni nani ameshika hii simu?

Juliet: Haloo... ni mimi. Juliet.

Flavia: Juliet gani?

Juliet: Jirani, wa hapa Atlabara, Juba. Mwenye mgahawa hapo mbele ya boma. Alfayo, mwenzake wa kazi, aliniachia simu ya marehemu niichaji. Wewe ni mama Pearl?

Flavia: Ni mimi. Nikipiga inaandika nini?

Juliet: Nini?

Flavia: Hapo kwa kioo cha simu. Inaandika nini?

Juliet: Imeandika "Nyumbani".

Flavia: Sawa.

Juliet: Pole, mama Pearl. Wallahi sijui niseme nini. Mume wako Edrine alikuwa mtu wa—

Flavia: Asante. Mmefikia wapi?

Juliet: Sanduku limeshapakiwa. Dereva anakaza tairi, Alfayo ameenda kuchukua barua ya hospitali. Akirudi wanaondoka, wapite Nimule kabla mpaka haujafungwa. Kesho watakuwa kwako Malaba.

Flavia: Juliet, una sauti ya mafua.

Juliet: Moshi wa jikoni. Umekula?

Flavia: Wanasema nimekula.

Juliet: Watu wamejaa?

Flavia: Wee! Mpaka kwa choo kuna foleni. Shangazi yake wa Busia amekuja na sufuria zake mwenyewe, anasema zangu ni za bachela. Wanaume wanabishana ng'ombe achinjwe yupi, na ng'ombe ni mmoja. Mimi wameniketisha kwa mkeka katikati, wananitazama kama sinema. Wanangoja nilie.

Juliet: Hujalia?

Flavia: Haiji. Nimetoka nje nikasema nataka hewa. Niko nyuma ya jiko. Kuna kuku hapa ananiangalia na yeye.

Juliet: (anacheka kidogo) Malesh. Samahani, mama Pearl.

Flavia: Cheka tu. Juliet, kamera yake iko wapi?

Juliet: Kamera?

Flavia: Ile aliyopigia ndege wake picha. Alfayo amesema uko nayo.

Juliet: Iko... iko hapa kwangu. Niliiondoa kwa chumba chake siku alipopelekwa hospitali. Watu wana mikono mirefu.

Flavia: Nataka picha yake. Ya uso.

Juliet: Ah. Humo ni ndege tu, mama Pearl.

Flavia: Tafuta.

Juliet: Kweli, ni ndege tu, mwanzo mpaka mw— (mtandao unakwaruza) —mwenyewe unajua huku picha ni kesi. Askari walimkamata karibu na daraja, wakafungua kamera, picha moja moja. Wakakuta ndege tu. Wakacheka, wakamwita majnun, mwendawazimu, wakamrudishia. Toka hapo akawa hataki mtu aonekane humo. Hata mtu akitokea kwa mbali nyuma ya ndege, anafuta.

Flavia: Hiyo alinihadithia. Sasa nisikilize. Mama yake amesema mwanawe hazikwi bila yeye kumwona uso. Na Alfayo amesema sanduku lisifunguliwe.

Juliet: Lisifunguliwe. Joto ya huku... na barabara ile. Usikubali lifunguliwe.

Flavia: Basi kaongee na yeye. Ameshika shoka la kuni. Nimemwahidi picha kubwa, kwa fremu, isimame hapo juu ya sanduku. Kijana wa studio anangoja.

Juliet: Hamna ya zamani?

Flavia: Iko ya siku alipokuja kwetu kujitambulisha. Amefunika mdomo. Unajua lile jino lake lililovunjika. Kila picha, mkono kwa mdomo. Mama anasema, huyu ni mtu anakohoa, mimi sikuzaa kikohozi. Na Pearl alikuwa wa kubebwa wakati amani ya Sudan inasainiwa na baba yake akakimbilia Juba kupakia mizigo ya ndege pale uwanjani. Alikuja Krismasi mbili tu. Jana ameniuliza baba ni mweusi au ni wa maji ya kunde. Tafuta, dada.

Juliet: Ngoja niiwashe.

Flavia: Nangoja. Fanya haraka, hii kadi niliyokwangua ndiyo ya mwisho.

Juliet: Imewaka. Haya. Ndege... Mwewe, hapo juu ya soko. Mwewe tena. Kalooli.

Flavia: Wale wa jalalani?

Juliet: Haohao, wenye mfuko wa shingo. Wako watatu wamesimama kama wazee wa kanisa. Furukombe, kwa mti uliokauka. Huyu ni mdiria, ana samaki mdomoni. Yangeyange. Si wale wanaofuata ng'ombe, huyu ni yule mwenye soksi za manjano.

Flavia: (kimya)

Juliet: Haloo? Mama Pearl, umepotea?

Flavia: Niko. Umesema mwenye nini?

Juliet: Mwenye... miguu myeusi, halafu chini kwa vidole ni manjano. Kama amevaa soksi. Ndiyo njia ya kumjua, unaangalia miguu kwanza, mdomo baadaye, manyoya yanada—

Flavia: Manyoya yanadanganya.

Juliet: Ndiyo.

Flavia: Nani alikufundisha?

Juliet: Si ni yeye. Alikuwa anaambia kila mtu hapa kwa boma.

Flavia: Mimi aliniambia huko hakuna anayetaka kusikia habari ya ndege. Kila Jumapili baada ya misa alinipigia. Ananiambia, Flavia, hawa watu wananicheka, ni wewe tu. Na mimi huku naosha vyombo, nimeweka simu kwa bega, nasema mhm, mhm.

(Mtandao unakwaruza.)

Juliet: Walikuwa wanamcheka. Ni kweli.

Flavia: Na wewe?

Juliet: Mimi mgahawa wangu uko hapo mlangoni. Mtu akinywa chai ataongea, na mwenye chai atasikia.

Flavia: Ndiyo. Hospitali nani alikuwa naye?

Juliet: Tulikuwa majirani. Tulipeana zamu.

Flavia: Alfayo anasema usiku alikuwa kazini.

Juliet: Malaria ilikuwa imeshapanda kichwani, mama Pearl. Hakuwa anamjua mtu. Aliomba maji tu. Alipewa.

Flavia: Asante kwa maji. Endelea na picha.

Juliet: Hizi zilizobaki ni za kule mtoni. Ndege wekundu, wale wanaochimba mashimo kwa ukingo. Wengi... wengi... Hii imetoka vibaya, bawa tu. Mkia. Maji.

Flavia: Usiruke.

Juliet: Siruki.

Flavia: Umenyamaza. Umefika kwa picha gani hapo?

Juliet: Hakuna, kidole kiliteleza—

Flavia: Dada Juliet. Mama mkwe wangu ana shoka. Mimi sina nguvu ya kumnyang'anya, na nikikuambia ukweli hata hamu ya kumnyang'anya sina. Wakilifungua hilo sanduku, mtoto wangu atakuwa amesimama hapo.

Juliet: Iko moja.

Flavia: Ya mtu.

Juliet: Yake.

Flavia: Uso unaonekana?

Juliet: Wote.

Flavia: Na mkono?

Juliet: Mkono uko chini. Ameshika kofia. Anacheka.

Flavia: Anacheka vipi?

Juliet: Anacheka. Jino linaonekana. Mpaka macho yamefunga kidogo.

Flavia: Edrine?

Juliet: Ndiyo.

Flavia: Na watu alikuwa anafuta.

Juliet: Alikuwa anafuta.

Flavia: Hii hakufuta.

Juliet: Hakufuta.

(Honi inasikika.)

Flavia: Ni gari?

Juliet: Ni Alfayo amerudi. (kwa nje) Alfayo, nakuja! Dakika, wallahi, nakuja! — Mama Pearl, hii picha ina shida.

Flavia: Shida gani? Ina ukungu?

Juliet: Haina ukungu. Ina kivuli.

Flavia: Usoni?

Juliet: Chini, kwa majani. Jua lilikuwa nyuma ya... nyuma ya aliyeshika kamera. Kivuli chake kimelala hapo mbele.

Flavia: Kivuli cha mwanaume? Juliet, salio linakwenda.

Juliet: Kina kitambaa. Kichwani.

(Mtandao unakwaruza kwa muda.)

Juliet: Haloo? Umenisikia?

Flavia: Nimekusikia. Kinafika wapi?

Juliet: Nini?

Flavia: Hicho kivuli. Kinafika wapi?

Juliet: Kinamgusa kwa miguu.

Flavia: Miguu kwanza.

Juliet: Mama Pearl, mimi—

Flavia: Usianze. Nimesimama kwa jua, nina watu sitini ndani, sijalia, sitaki kuanza na wewe. Ukiniambia pole nyingine nakata simu.

Juliet: Sawa.

Flavia: Fremu ni ya kifua kwenda juu. Kijana wa studio atakata. Miguu haitaonekana.

Juliet: Wataiona kwanza kwa kamera. Shangazi zake. Wataulizana.

Flavia: Shangazi zake kamera hawataigusa. Itatoka kwa mkono wa Alfayo iingie mkononi mwangu. Na kivuli hakina uso. Mpe kamera.

Juliet: Yote?

Flavia: Ulitaka ije nusu?

Juliet: Hapana. Naweza... hapa sokoni yuko mtu wa kutoa picha. Nikienda mbio anitolee moja tu. Si hiyo. Ya ndege. Yule wa soksi.

(Honi tena, ndefu.)

Flavia: Gari limewashwa?

Juliet: Limewashwa.

Flavia: Basi hakuna muda.

Juliet: Kweli. Hakuna muda.

Flavia: Ni za Pearl sasa.

Juliet: Ni za Pearl. Sawa. Mwambie wale wekundu wa mtoni ni— ah. Atajua mwenyewe. (kwa nje) Alfayo! Chukua. Hapana, usiweke na mizigo, vaa shingoni. Shingoni, nimesema! Mpe mama Pearl mkononi. Yeye mwenyewe, si mtu mwingine. — Amechukua.

Flavia: Ameivaa?

Juliet: Ameivaa. Anapanda. Wanatoka.

Flavia: Wameshatoka?

Juliet: Wanapita geti. Wamepita. Kalas, basi. Wameenda.

Flavia: Na simu hii?

Juliet: Simu nimeisahau mkononi! Niwakimbilie?

Flavia: Wacha. Mpe abiria yeyote wa kesho. Au izime.

Juliet: Nitaizima.

Flavia: Juliet.

Juliet: Naam, mama Pearl.

Flavia: Mimi miaka yote nimekuwa nikimwambia, toa mkono kwa mdomo, jino halina ubaya. Hakutoa hata siku moja. Siku ile alikuwa anacheka nini?

Juliet: Ah... ni ujinga tu.

Flavia: Niambie.

Juliet: Alinionyesha ndege, akasema haya, leo mtaje wewe. Nikaangalia miguu kama alivyosema. Nikaangalia mdomo. Nikajiona nimejua, nikasema kwa sauti kubwa, huyo ni—

(Simu inakatika.)

Flavia: Haloo? Ni nani? Juliet, ulisema ni nani? Haloo? ... Salio limekwisha.

(kwa walio ndani) Nakuja, mama. ... Ndiyo, nilikuwa naongea na Juba. Weka hilo shoka chini, picha imepatikana. ... Ya uso, ndiyo. Uso wote. ... Hajafunika, mama. Anacheka. ... Sijui anacheka nini. Aliyeipiga ni jirani.