Dorotea na Chupa ya Arobaini na Moja

Dorotea Ntirampeba, tunayemzika leo Giteranyi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1984 huko Ulyankulu, Tanzania, binti wa hayati Longino na Mama Gaudensia. Alisoma huko huko. Familia iliporudi kwao Muyinga kutoka ukimbizini mwaka 2008 akajifunza uuguzi, tena akaumaliza, jambo ambalo mpwa wake Moses, aliyeacha masomo njiani, hakuruhusiwa kulisahau: "Diploma yako imekata pumzi kwenye mlima gani, baba?"

Mwaka 2012 aliolewa na Eliud, seremala wa Musinzira, Gitega. Walijaliwa Jovina na Manase.

Tangu 2023 alihudumu Gitega, kwenye chumba cha kupasulia moyo. Madaktari walikuwa wakilinganisha dawa mbili za kuzuia damu isimwagike kupita kiasi. Chupa zilifanana kama maji na maji, zina namba tu. Mgonjwa anayefuata, namba inayofuata. Ipi ni ipi, pale hakuna aliyejua. Dorotea alitunza rafu, na kupima kwenye mizani vitambaa vilivyolowa damu, ili ijulikane kiasi kilichomtoka mgonjwa.

Chupa ya 41 hakuipenda. Aliisukuma nyuma, asubuhi aliikuta mbele, inatoka jasho.

"Raissa, unanichezea?"

"Mi sikuigusa, sista," alijibu muuguzi mwenzake. "Na we acha kuiangalia, itakuzoea."

Kisha kovu la moyoni, alilolipata kwa homa ya utotoni, likamzidi. Naye alisaini kuingia kwenye utafiti. Tarehe 4 Februari 2025 akalala pale alipowalaza wengine. Siku iliyotangulia alikuwa ametibiwa mgonjwa wa arobaini.

Raissa alimnong'oneza: "Nikupe ya 42, sista. Nani ataona?"

"Ukinichagulia mimi, umewadanganya wote arobaini. Lete hiyo hiyo."

Damu haikukata. Raissa anaapa kwamba mizani iliendelea kupanda hata vitambaa vilipokwisha kuondolewa. Dorotea alifariki Alhamisi, tarehe 6, saa nane mchana.

Eliud aliuliza: "Dokta, alipewa ipi?"

"Hatujui, baba. Jibu limefungwa mpaka mgonjwa wa mwisho. Ukitaka, tutaomba lako lifunguliwe."

Eliud akainuka. "Msifungue. Angenifukuza nyumbani."

Ameacha mume, watoto wawili, mama yake, na mdogo wake Jeska, mwenye kovu kama lile, atakayepasuliwa mwezi ujao. Jana naye alisaini.

Mungu ampokee mtumishi wake. Zamu yake imekwisha, sasa apumzike.