Darubini ya Jastin

Kila asubuhi basi likitoka Kilosa kwenda Mikumi, Costancia hufungua kitabu akasoma mpaka ashuke. Leo hakumaliza hata ukurasa, maana waongoza watalii wawili waliokaa mbele yake, Jastin na Agatha, walianza kubishana kuhusu darubini zao za kutazamia ndege.

"Yangu inaonyesha mpaka kucha za ndege chozi," Jastin alitamba.

"Lakini nzito kama tofali," Agatha alisema. "Ukimaliza kuinyanyua, hondohondo ameshafika Ruhembe. Yangu naishika kwa mkono mmoja."

Costancia, ambaye kwake ndege ni kunguru au shomoro tu, alificha kicheko nyuma ya kitabu.

"Ijaribu basi. Unaogopa nini?" Jastin alimwambia Agatha, akimpa darubini yake.

Basi liliposimama kupakia abiria, Agatha aliielekeza kwenye mti wa mbali. Kisha akaishusha polepole.

"Jicho langu la kulia bovu, kila darubini ya mtu lazima niirekebishe kwanza. Hii mbona inaona vizuri moja kwa moja? Nani kaitegesha kwa jicho langu?"

Jastin aliangalia viatu vyake mpaka gari likaingia stendi ya Mikumi, na abiria wakaanza kusimama. Costancia hakusimama.

"Mimi," Jastin alisema. "Hiyo si yangu, Agatha. Nimekununulia wewe."