Shamsia wa Mkata na Pesa ya Uchakavu

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka Shamsia Mbwana, mwenye mashine ya kusaga pale Mkata, Handeni. Ametutoka akiwa na miaka hamsini na miwili.

Shamsia alikuwa mjane. Alisaga mahindi ya jirani zake miaka kumi na mmoja. Mwaka wa pili tu, afisa maendeleo, Bi Loveness, alimfundisha neno moja: uchakavu. Maana yake, mashine hupungua thamani kila siku inapofanya kazi. Basi mwenye mashine hutenga kitu kidogo kidogo, ili ikifa anunue nyingine. Uchakavu, wasikilizaji. Siyo faida.

Neno lile alilishika. Kila jioni ya siku aliyosaga alitenga shilingi elfu moja. Mdogo wake, Zaidi, anakumbuka: "Nilimwambia, dada, nunua basi hata godoro. Akanijibu, 'Hela hii si yangu, Zaidi. Ni ya mashine.'"

Ikafika milioni mbili na laki saba. Mashine mpya ilikuwa milioni tatu.

Mwaka jana mwanawe wa pekee, Hafsa, akaugua figo. Shamsia hakumuuliza mtu. Pesa ya uchakavu, ya miaka tisa, iliisha kwa majuma matano. Hafsa akafia hospitalini, akaacha binti wa miaka minne.

Shamsia akarudi kwenye mashine ile ile. Beringi zimekwisha, kelele zinasikika hadi barabarani. Mzee Paresh, mwenye duka la vipuri Korogwe, alimwonya. "Nilimwambia, Mama Hafsa, izime hii, itakuumiza. Akasema, 'Nikiizima, mjukuu wangu atakula nini?'"

Jumanne ya juma lililopita, saa nne asubuhi, puli, lile gurudumu linalozungusha mkanda, lilipasuka likampiga kifuani. Alikata roho njiani kwenda hospitali.

Zaidi ameiuza mashine kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Waliipima kwa kilo. Hela yake ikanunua mchele wa hitma, ikaisha.

Pole sana Zaidi. Pole kwa mtoto yule, ambaye tunaambiwa bado anamwita bibi yake kila asubuhi. Pole wana Mkata. Mungu amrehemu Shamsia.

Kwa kawaida hapa huwa natoa ushauri. Leo sina. Shamsia aliujua uchakavu kuliko mimi ninayeutangaza. Alitenga. Miaka tisa alitenga. Tafakarini wenyewe, wasikilizaji wapendwa: mwanao yuko hoi kitandani, na pesa ya mashine unayo mkononi. Ungeiacha?