Mwalimu Kiilu na Mawe Yaliyoanikwa Paani

Tarehe 31 Julai 1997, Mwalimu Jonah Kiilu anastaafu baada ya kufundisha elektroniki katika chuo chetu cha ufundi, hapa Kibwezi, kwa miaka thelathini na moja na miezi saba. Mimi Mumbua, karani wa ofisi, nimepewa kazi ya kuandika haya kwa sababu ni mimi niliyemfundisha kushika kipanya cha kompyuta, na bado mkono unaniuma.

Alikuja Januari 1966 akiwa na baiskeli na pasi moja ya kuchomea waya. Tangu hapo, ni redio chache sana kati ya Kiboko na Kibwezi ambazo hajazifungua tumbo. Mawe mapya ya redio, yaani betri kavu, yalikuwa adimu chuoni, kwa hiyo kila asubuhi aliyaanika yale ya zamani juu ya paa la karakana ili jua liyarudishie nguvu kidogo. Yaliyokataa aliyauma. Yapo mawe pale yenye alama za meno ya Mwalimu, na meno yenyewe mengine hayapo tena.

Mwaka 1995 kanisa lilituletea kompyuta yenye programu ya kuchora saketi na kuijaribu kwenye skrini kabla ya kuchomelea chochote. Sasa, Mwalimu alikuwa na sheria moja ambayo kila mwanafunzi wake anaijua hata usingizini: zima kwanza, ndipo uguse waya. Basi kila alipotaka kuhamisha waya kwenye skrini, alizima kompyuta nzima. Mchoro ukapotea. Akachora upya, akaona rezista, kile kipande cha kupunguza umeme, imekaa vibaya, akazima tena. Siku hiyo alichora saketi ile ile mara nne, bila kulalamika. Ilibidi nimwandikie kwa chaki mezani: HIFADHI KWANZA.

Kicheko kiliisha muhula wa pili, barua ilipofika. Mkaguzi wa wizara angekuja baada ya wiki tatu, na kama wanafunzi hawangemwonyesha kipaza sauti walichokibuni kwa kompyuta kikifanya kazi, darasa la elektroniki lingefungwa. Wanafunzi kumi na wawili wangerudi kwao bila cheti. Mwalimu alikosa hamu ya chakula siku mbili, na muthokoi wa mahindi na maharagwe, chakula akipendacho, ulikuwepo. Tuliogopa.

Kwenye skrini kipaza sauti kilifanya kazi vizuri ajabu. Mezani kikanyamaza. Wanafunzi wakakifumua, wakakichomelea upya, kikanyamaza tena. Siku ya nne Mwalimu aliitazama kwa muda mrefu betri iliyochorwa kwenye skrini, volti tisa kamili tangu asubuhi hadi jioni, akatikisa kichwa: “Hii betri haijawahi kaa Kibwezi.”

Akapanda paani, akashusha mawe sita, akayapima yote pamoja. Volti sita na kidogo. Akaandika hesabu hiyo kwenye programu, kisha akaweka rezista ndogo kando ya betri, akisema huo ndio uchovu wa mawe. Mara kipaza sauti cha kwenye skrini nacho kikanyamaza. Sijawahi kuona mtu akifurahia kitu kilichokataa kufanya kazi namna ile. Wanafunzi walibadilisha rezista moja baada ya nyingine, wakihifadhi kila mara, mpaka mchoro ukakubali. Ndipo wakakichomelea cha mezani.

Mkaguzi alitaja jina lake mbele ya kipaza kile, likasikika hadi jikoni. Darasa halikufungwa. Mwalimu alifuta macho akasingizia moshi wa risasi ya kuchomelea, ingawa pasi ilikuwa baridi.

Septemba tunapokea wanafunzi wapya kumi na wanane. Somo lao la kwanza kwenye kompyuta litakuwa betri moja na balbu moja, na betri hiyo itakuwa ya volti sita na kidogo.

Asante, Mwalimu. Upumzike vyema na jamaa zako, na Mungu akuongezee miaka. Zawadi yetu ni redio na mawe sita mapya, tafadhali usiyaanike. Yale ya zamani yaache paani. Bado tunayahitaji.