Mwanangu Hapiti Ukumbini

Wanangu, wajukuu, majirani, na nyie wageni wa viti vya mbele, poleni na msiba. Alikuwa asome mjukuu, nimemwambia akae, maana karatasi aliyopewa na kituo inaanzia siku marehemu alipoajiriwa kwao, kana kwamba mwanangu alizaliwa na ufagio mkononi. Kusoma sijui, lakini kumzaa nilimzaa mimi.

Alizaliwa tarehe tisa mwezi wa sita, mwaka wa sitini na nane, chumba cha nyuma ya duka la fundi cherehani, akatanguliza miguu, mkunga akasema huyu mbishi, akaanza shule mwaka wa sabini na sita, akaishia darasa la saba, akajifunza useremala kwa mjomba wake.

Mwaka wa tisini na mbili, mwezi wa pili, ndipo akaingia kazi ya usafi kwenye hiki tunachokiita kanisa la mabalozi, kituo cha dini zote, ukumbi mmoja kwa watu wote, ndivyo walivyosema, Ijumaa anatandika mikeka, Jumamosi anakunja, anapanga viti vya wengine, Jumapili anautoa stoo msalaba aliouwekea magurudumu mwenyewe, anausukuma hadi mbele, wakamwita Geuza, jina likamganda.

Alioa mwaka wa tisini na tano, mke mwema, hakunijibu vibaya hata siku niliyostahili, wakajaliwa watoto wawili, hawa walionishika mkono. Mke akafariki mwaka elfu mbili na kumi na tatu, mwezi wa nane, Geuza akaomba aombewe pale ukumbini, hata nusu saa, mkurugenzi akamwambia pole sana ndugu yetu, ukumbi ni wa wanachama, na wanachama ni watu wa balozi. Ndugu yetu! Tukamwombea mkwe wangu uani, jua la utosi, na kesho yake mwanangu akaenda kuwatandikia mikeka.

Figo zilianza kumsumbua mwaka juzi, kituo wakaleta kadi kubwa, kila dini imemwombea kivyake, akaniambia, mama, kwa pepo zote hizi nitachagua ipi, tukacheka mpaka nesi akatufokea. Alifariki Alhamisi, tarehe kumi na nne, saa kumi na moja jioni, nimemshika.

Leo mmekuja na gari jeusi, mnataka tumpitishe ukumbini, mabalozi wamuage, mpigapicha yuko tayari, mnasema ni heshima. Heshima ya nani? Mlango uliomkataa mke haumpati mume. Mkitaka kumwombea, mwombeeni hapa hapa, kila mtu na yake, hatumfukuzi mtu, sisi hatuna wanachama.

Nawashukuru madaktari, manesi hata yule mfokaji, majirani mliopika na kukesha, na wenzake wa jikoni na getini, ambao hawakungoja afe ndipo wampende. Mkurugenzi, wewe sikushukuru, na si kwamba nimesahau.

Pumzika, baba yangu, amani iwe yako.

Na wewe dereva wa kituo, ondoa gari getini, mwanangu anapita, anakwenda kulala na mkewe.